Ngozi Zilizobaki Kwenye Maji ya Magome

Waliomjua Rahab Nyambu pale pembeni mwa Kipsongo, Kitale, walimjua kwa mikono yake kabla ya sura. Ilikuwa ya kahawia hadi viwikoni, na hata Jumapili kanisani haikutakata, asugue asisugue. Rangi ya magome ya mti wa muwati haitoki kwa sabuni.

Kazi ya kutengeneza ngozi kwa magome hayo aliirithi kwa babake huko Murang'a, enzi ambazo kila shamba lilikuwa na miwati yake. Mvua ikishanyesha, gome huchunika kwa urahisi. Mtoto alishika ncha chini akavuta kuelekea juu, nalo likalia kama kitambaa kinachoraruliwa. Magome mengi yaliuzwa kiwandani. Machache babake aliyaponda, akayaloweka, kisha akazamisha ngozi humo. Rahab alipouliza maji yale yana nini, mzee alimpa pera changa atafune. Ulimi ukakauka, meno yakaingia ukakasi.

"Hicho kinachokushika ulimi," babake akamwambia, "ndicho kinachoishika ngozi isioze."

Miaka mingi baadaye bwana mifugo mmoja alimtajia jina lake, tanini, akamweleza kwamba imo hata kwenye majani ya chai. Rahab alifurahi kulijua jina, ila kwake liliendelea kuwa ukakasi.

Alipoolewa Trans-Nzoia alikuja na mbegu za muwati zimefungwa kwenye leso. Mumewe, Hiram, alimchimbia shimo la kulowekea ngozi akalisakafia kwa saruji. Hiram alipofariki, shimo hilo ndilo lililosomesha watoto. Ngozi mbichi aliletewa na Nabwile, mchuuzi wa soko la Chwele. Wenyewe waliitana kwa majina ya watoto wao, Rahab akiwa Mama Kiarie na Nabwile Mama Bramwel. Nabwile alipenda kulalamika kwamba ngozi za Rahab zinakaa miezi, na za dawa ya kiwandani zinakuwa tayari haraka. Rahab alimjibu kwa upole kwamba ngozi huanzishiwa maji hafifu, halafu makali polepole. Ukiikimbiza, inajifunga juu na kuoza ndani.

Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilimkuta ametoka tu kuzamisha ngozi za ng'ombe kwenye maji makali ya mwisho. Waliotoka kwingine kama yeye walikuwa wakifukuzwa, naye alikimbia na nguo alizovaa, akajihifadhi kwenye uwanja wa kanisa mjini. Barabara zilipofunguka Nabwile alikuja kumtafuta katikati ya mahema, akampeleka nyumbani kwake Matulo. Pale alilala, akala, akalima pamoja na wenyeji wake, na hakuna aliyemuuliza ataondoka lini.

Mvua za masika zilipoanza, Rahab alitamani kuona kwake. Walikwenda wote wawili. Nyumba ilikuwa majivu, na miwati ilikuwa imekatwa kuni. Rahab alizunguka kwenda shimoni. Nyuma ya nyumba, mbao zilizofunika shimo zilikuwa zimeotewa na nyasi.

"Mama Kiarie, ngozi hizi zimeoza," Nabwile alisema. "Wacha tuzifukie tu."

Rahab alipiga magoti akainua ubao mmoja. Nabwile alikuwa ameshaziba pua. Lakini haikutoka harufu ya mzoga. Ilitoka harufu nzito, tamu, ya magome, na Rahab akajiona mtoto tena shambani kwa babake, miguu imelowa umande. Wakasaidiana kuvuta ngozi ya juu, akaukata ukingo wake kwa kisu. Rangi ilikuwa moja kutoka nje hadi kiini, bila mstari mweupe wa ngozi mbichi hata kidogo. Hapo ndipo alipolia.

"Ningekuwa nyumbani ningezitoa mapema," alisema baadaye akijifuta. "Sijawahi kuwa na subira hii."

Hazikuwahi kutoka ngozi bora kuliko hizo mikononi mwake. Walizibeba hadi Matulo, akazishona viatu vya wazi na mishipi, na sokoni Chwele vikagombaniwa. Jozi ya kwanza hakuiuza. Alimpa Wabwile, mume wa Nabwile, aliyekuwa amemkatia Rahab kipande cha ardhi karibu na ua wake. Mzee huyo alivivaa viatu hivyo shambani na kanisani, na alikuwa amevivaa siku Rahab alipohamia nyumba yake mpya, karibu kabisa na jiko la Nabwile.