Kalewa, Kama Ilivyosomwa na Nathanaeli

Mwaka ule wa 1975, Mwalimu Nathanaeli alikuwa mtu pekee katika kijiji cha Kwemkuyu, huko milimani juu ya Soni, aliyeweza kueleza vita vya Burma kwa saa mbili bila kunywa maji. Burma yenyewe hakuwahi kuiona. Mwisho wa safari zake ulikuwa Korogwe, alikokwenda kung'olewa jino, akarudi siku ileile kwa sababu ya joto. Hata hivyo, ukimkuta amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, anachora Mto Chindwin na mishale ya majeshi yanayousogelea, ungeapa kwamba aliuvuka mwenyewe, tena kwa miguu.

Ugonjwa huu aliupatia Lushoto, kwenye semina ya wiki mbili ya walimu wa historia. Mhadhiri mmoja kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye suruali pana chini na maneno ya moto, aliwaambia kwamba historia ya nchi iliandikwa na wageni, na sasa kila mlima ujiandikie ya kwake. Wakusanye barua za zamani, magazeti ya zamani, masimulizi ya wazee. Akawapa na kanuni: jambo likisemwa na watu watatu ambao hawakuambizana, liandike. Nathanaeli aliinakili kanuni hiyo kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Aliporudi nyumbani, ukungu umelala juu ya mashamba ya kabichi na mabasi yanapiga honi kule chini kwenye kona za Soni, alijiona kama mtu aliyekabidhiwa mlima mzima auandike.

Kwa miaka mitatu aliandika *Askari wa Milima Yetu katika Vita Kuu ya Pili*. Yalikuwa madaftari saba. Sura ya nne ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa humo alikuwa amefumbua jambo ambalo hata serikali haikulisema: mahali vijana wa Kwemkuyu walipopigana. Barua ya serikali iliyokuja baada ya vita ilisema tu kwamba Tobia, mume wa Rahabu, alifariki mwaka 1944 akiwa kazini ng'ambo. Ng'ambo! Kana kwamba ng'ambo ni jina la kijiji. Nathanaeli alimwuliza Rahabu, akasema mumewe alikuwa Kalewa, ule mji wa Burma ulio kando ya Chindwin. Akapanda kilima cha pili kwa Jenoveva, aliyekuwa na kaka vitani. Naye akasema Kalewa. Akateremka Soni kwa Mwanamisi, muuza nyanya, ambaye mjomba wake alikwenda na kikosi kilekile. Mwanamisi hakusita hata kidogo: Kalewa.

Watu watatu, vilima vitatu, dini mbili. Nathanaeli aliandika: "Hakuna shaka yoyote." Akapiga mstari chini yake kwa rula.

"Sasa umekuwa jenerali," Mwalimu Silvano wa hesabu alimtania ofisini. "Bado kofia tu."

"Wewe endelea na sehemu zako, Silvano. Historia ina mbinu zake."

"Mbinu gani? Kuwauliza akina mama wakichambua maharage?"

"Masimulizi," alisema Nathanaeli kwa upole wa mtu aliyekwenda semina.

Rahabu ndiye aliyeifanya sura hiyo iwe na uzito. Mumewe hakuwa na kaburi. Mwaka huo alitaka msalaba uwekwe kwenye uwanja wa kanisa, pale walipolala wazazi wa Tobia, uandikwe jina lake na mahali alipolala. Hakutaka jambo jingine. "Mtu akiulizwa mumeo yuko wapi, ajibu," alisema. "Nami nijibu kwa maandishi." Kristofa, fundi mwashi, aliumwaga msalaba wa saruji. Nathanaeli akampelekea karatasi yenye maneno ya kuchonga, kwa herufi kubwa: TOBIA. KALEWA. 1944. Mchungaji akatangaza kwamba utasimamishwa Jumapili.

Ijumaa alasiri, Rahabu alifika ofisini kwa walimu akiwa na kopo la majani ya chai kwapani. Alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuahirisha neno.

"Shikamoo, Mama Timotheo," alisema Nathanaeli akiinuka.

"Marahaba, Mwalimu. Sikai. Nionyeshe Kalewa."

"Kwenye ramani?"

"Kwenye barua."

Akafungua kopo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, rangi ya chai. Ilikuwa barua ya mwisho ya Tobia, ya Novemba 1944, ambayo mwenyewe aliiandika kwa mkono wake, maana alikuwa amefika darasa la nne la misheni. Katika miaka yote mitatu ya utafiti wake, Nathanaeli hakuwa ameomba kuiona. Alikuwa ameridhika na masimulizi.

"Nimefaulu kisomo cha watu wazima, cheti bado unacho wewe uliyenifundisha," alisema Rahabu. "Nikasema, kabla Kristofa hajamaliza kuchonga, nilisome jina mwenyewe. Nimesoma mara tisa. Silioni. Mwandiko wa Tobia ni wa kukimbia, labda mimi bado sijahitimu sawasawa. Nionyeshe kwa kidole."

Nathanaeli alivaa miwani. Alisoma salamu. Alisoma habari za mvua. Akafika mahali palipoandikwa, *Sasa tumefika*, na baada ya hapo hapakuwa na neno. Palikuwa na tundu. Tundu la pembe nne, safi, lililokatwa kwa wembe na wakaguzi wa jeshi, kama walivyokata kila jina la mahali ili adui asilijue.

Akalitazama tundu lile, akaona kidole gumba chake upande wa pili. Hapo ndipo kitu kilipomrudia, kwanza polepole, kisha chote kwa pamoja, kama gunia la viazi lililokatika kamba.

Februari 1945. Yeye ana miaka kumi na mitatu, kaptura ya kaki, mwanafunzi bora wa misheni na msomaji wa barua wa vilima vitatu, kwa sababu watu wazima wengi hawakujua kusoma na mwalimu alikuwa na shughuli. Yuko sebuleni kwa Rahabu. Kuta zimebandikwa magazeti kwa uji wa muhogo ili kuzuia upepo, kama nyumba zote, na gazeti moja jipya lina ramani ya vita, mishale myeusi minene yote imeelekea mahali pamoja. Akina mama wamejaa. Anasoma, *Sasa tumefika*, anakutana na tundu. "Wapi?" anauliza Rahabu. "Wamefika wapi?" Msomaji bora wa vilima vitatu hawezi kusema hajui. Anaisogeza barua ukutani, kana kwamba anatafuta mwanga, na kupitia tundu anaona herufi za ramani, pale kwenye ncha ya mshale. Anasoma kwa sauti ya kanisani: Kalewa.

Akina mama wakalirudia jina lile. Lilikuwa jina zuri, linatamkika. Wiki iliyofuata, kwa Jenoveva, alikuta tundu jingine. Hakuhitaji tena ramani. Kwa Mwanamisi vilevile. Kisha akaenda mtoni kuogelea, akasahau kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo wale mashahidi watatu ambao hawakuambizana, wa vilima vitatu na dini mbili, wote walikuwa yeye. Alikuwa amezunguka milima kwa miaka mitatu, viatu vimeliwa na mawe, akijihoji mwenyewe na kujikubali.

Neno la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa *panya*. Panya wamekula, Mama Timotheo, hapa ndipo jina lilipokuwa. Lilikuwa neno jepesi, lingewatosha wote: msalaba ungesimama, sura ya nne ingesimama, na panya asingelalamika. Alifungua mdomo. Rahabu alikuwa bado ameinama juu ya karatasi, kidole chake kimekaa chini ya neno *tumefika*, anasubiri kufundishwa.

"Hujakosea kusoma," alisema Nathanaeli. "Jina halimo. Halijawahi kuwamo. Nililitoa ukutani."

Akamweleza. Aliongea kwa kifupi kuliko alivyowahi kuongea juu ya Burma. Silvano aliacha kusahihisha madaftari.

Rahabu alikaa kwenye benchi.

"Kwa hiyo hakuwa Kalewa?"

"Huenda alikuwa. Sijui, mama. Barua haisemi, na serikali haikusema."

"Miaka thelathini nasema Kalewa." Aliliweka kopo magotini. "Nimewaombea mpaka watu wa Kalewa. Nimesema, Bwana, wabariki watu wa huko, labda wanapalilia pale alipolala."

"Nisamehe."

"Ngoja. Sijafika huko." Akaigeuza barua upande wa pili. "Tundu nililiona siku zile. Sikujua kusoma, lakini macho nilikuwa nayo. Nilidhani wewe msomi una njia yako. Sasa niambie hili. Huku nyuma kuna maneno mengi. Siku ile uligeuza karatasi, ukasema, 'Anawasalimu wote.' Ndivyo?"

Nathanaeli akasoma upande wa nyuma, maneno yaliyoanza chini ya tundu. Alisoma kimya, masikio yakipata moto.

*Rahabu, jana nilikukumbuka ulivyocheka siku ile ulipomwagia wageni maharage. Huku hakuna mtu anayecheka hivyo. Nikirudi nitakutobolea dirisha jikoni, upande wa bondeni, moshi usikuumize macho. Nimeshalipima kichwani, ni dhiraa moja na nusu.*

"Niliona haya," alisema. "Mlikuwa mmejaa sebule nzima. Mimi mtoto wa kiume nisome maneno ya mke na mume, habari za maharage? Nikaona si habari ya vita. Nikaruka."

"Uliruka dirisha, ukaniletea Kalewa."

"Ndiyo, mama."

Silvano alikohoa, akatoka nje na chaki zake.

Rahabu aliikunja barua mara nne. Alipofika mlangoni aligeuka. "Nenda kwa Kristofa sasa hivi. Na Jumapili ukae mbele, uniwekee kidole nikipotea mstari."

Kristofa alikuwa tayari amechonga KALE. Alimsikiliza Nathanaeli akiwa na patasi mkononi, akapuliza vumbi kwenye herufi.

"Mwalimu, saruji haina raba."

"Najua, fundi."

"Hujui. Ungejua ungeanza kwa kuisoma barua."

Akaziba herufi zile kwa saruji mpya, ambayo ilikauka kwa rangi nyingine, nyeusi kidogo, na juu yake hakuchonga kitu. Jumapili msalaba ulisimama ukiwa na jina, mwaka, na kiraka. Mchungaji alimwomba Mwalimu Nathanaeli aeleze kiraka, naye akaeleza mbele ya washarika wote, wakiwemo wanafunzi wake wa darasa la saba waliokuwa wameukariri Mto Chindwin kwa ajili ya mtihani. Alitegemea angalau mtu mmoja acheke ili jambo lipite. Hakucheka mtu. Jenoveva alimwambia kwa sauti, kutoka safu ya akina mama, "Kwangu usije! Mimi Kalewa yangu naitaka." Watu wakaguna, na hakuna aliyejua kama walikuwa upande wa nani.

Kisha Rahabu akasoma. Alisoma silabi kwa silabi, kidole cha Nathanaeli kikitangulia. Alipofika kwenye tundu alisema, "Hapa wamekata," akaendelea. Alipofika kwenye maharage, wazee waliokuwapo siku ile ya wageni wakaanza kucheka mmoja mmoja, kwa sababu walikumbuka. Na Rahabu mwenyewe akaangua kicheko kirefu, cha juu, kisichofaa kabisa kanisani. Nathanaeli alikisikia akaelewa kwamba katika madaftari saba hakuwa ameandika kitu chenye thamani kama hicho, na kwamba alikuwa nacho mkononi akiwa na miaka kumi na mitatu, akakiruka.

Sura ya nne aliiandika upya. Ilikuwa kurasa ishirini na mbili. Ikabaki moja na nusu. Pale palipokuwa na "Hakuna shaka yoyote" aliandika kwamba habari za Kalewa zilitokana na chanzo kimoja tu, mvulana wa kaptura asiyeaminika, ambaye mwandishi anamfahamu vizuri kwa bahati mbaya. Upande wa nyuma wa barua aliunakili wote, pamoja na kipimo cha dirisha.

Wala hapo hakuachiliwa. Jumatatu Rahabu alimtumia salamu: aje na Kristofa, na avae nguo za kazi. Nathanaeli hakuwa na nguo za kazi. Alikwenda na suruali ya semina. Alikanyaga udongo, akabeba mawe, akaangusha moja karibu na mguu wa fundi, akaambiwa afadhali ashike kamba ya kupimia. Kristofa alipima dhiraa moja na nusu kwa mkono wake mwenyewe, akabishana na Nathanaeli kwamba mkono wa Tobia ulikuwa mrefu zaidi, akaongeza vidole viwili, akaanza kubomoa.

Ukuta ulipotoboka, mwanga wa bondeni uliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe. Moshi uliyumba, ukatafuta njia, ukatoka. Nathanaeli alisimama na kamba yake, matope mpaka magotini, akisubiri neno ambalo labda angeliandika.

Rahabu alitazama masizi yaliyoning'inia darini, sufuria, mafiga, kona zote.

"Kumbe!" alisema. "Jiko langu chafu namna hii, na hamkuwahi kuniambia?"

Akampa ufagio.