Matanga ya Musila, Mwenyewe Akiwepo

Miaka ya tisini, mtaa wa Noonkopir ukiwa bado na nyasi nyingi kuliko mabati, Musila alitandaza juu ya nyumba yake waya mrefu ambao majirani waliudhania kamba ya kuanikia nguo za majitu. Ulikuwa wa redio. Kila Jumamosi jioni alikaa kwenye kitufe cha Morse, akazungumza kwa nukta na vistari na Katoo, mkulima wa Entarara, kule kusini karibu na mpaka wa Tanzania, ambaye walifundishwa naye kazi ya simu ya upepo wakiwa vijana. Walipeana habari za mvua, za maharagwe, za watoto. Namba za simu hawakuwahi kupeana, za nini? Jamani, jioni zile zilikuwa tamu.

Halafu mkono wa kulia wa Musila ukaanza kutetemeka, na herufi zake zikamwagika kama njugu. Angesema tu, yangeisha. Lakini alikuwa na kiburi cha kimyakimya, hakutaka kuonewa huruma na Katoo. Mwaka wa 2006 akanunua kisanduku cha USB cha kuunganisha redio na kompyuta ya nyumbani, ili aandike kwa kidole kimoja na mashine impigie Morse.

Kwa pupa yake akakichomeka kabla ya kuweka programu iliyokuwa kwenye CD. Kompyuta ikakikataa. Akakichomoa, akaanza upya, amejikunja chini ya meza huku mkewe Kavutha akimshikia tochi na kumcheka. Mwishowe kikakubali. Musila akaandika salamu, na Morse ikatoka safi, haina hata kwikwi.

"Wewe nani?" Katoo akajibu.

"Ni mimi, Musila."

"Mkono wa Musila naujua, vile anapiga herufi zake. Wewe ni mtoto wake. Baba yako ako wapi?"

Musila aliona aibu. Akazima redio.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku chache baadaye Katoo alibisha lango, amevaa koti jeusi, akivuta kondoo aliyemnunua njiani, pale Bisil.

"Pole sana, Mama Ndolo," akamwambia Kavutha. "Nimeuliza kijana baba yake ako wapi, akazima redio, nikajua. Mmemzika lini, na hakuna mtu ameniambia?"

Kavutha alishika mdomo, akaonyesha mlangoni. Musila alikuwa amesimama pale na kikombe, chai ikimwagikia vidole.

Katoo alimtazama rafiki yake, kisha akautazama ule mkono.

"Ni hii tu?" akauliza. "Musila, mimi nimekulilia kwa gari ya watu kutoka Namanga mpaka hapa. Ni hii mkono tu?"

"Niliona haya. Siku hizi napiga vibaya."

"Si ungepiga hivyo hivyo vibaya! Mimi niko na wakati."

Musila alilia wazi, mbele ya mkewe na mbele ya kondoo. Katoo akamfunga kondoo kwenye mti wa lango, akachukua kile kikombe mkononi mwa Musila, akamshikia mdomoni hadi chai ikaisha.