Udi wa Mama na Kifua cha Baba

Nyumba yetu ya Machakos ilikuwa na harufu yake, na sikuijua mpaka nilipoondoka. Nilipopata kazi ya ukarani Nairobi nilipanga chumba kilichonuka rangi mbichi na mafuta ya taa, na wiki nzima ya kwanza nililala nimejifunika usoni leso ya mama. Leso ile ilipoanza kunuka mimi, nilirudi nyumbani Jumamosi kuibadilisha. Mama alinicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa nyingine, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kukaza mafundo mawili.

Mama alikuwa mtu wa pwani. Baba, Mkamba wa Kivaa, alimkuta Mombasa alikokwenda kutafuta kazi. Alisilimu, akamuoa, akamleta Machakos na kufungua kinu cha kusaga mahindi karibu na soko. Mama alikuja na masanduku mawili na chetezo kimoja cha udongo. Alisema miezi ya kwanza alilia kwa sababu ya baridi ya asubuhi, na kwa sababu nyumba haikunuka mtu. Udi aliokuja nao ulipokaribia kuisha, baba alikwenda Wamunyu kwa wachonga vinyago, akarudi na gunia la maranda ya muhugu, mti ambao hunukia hata kabla haujaona moto. Mama aliyanusa, kisha akasema, "Haya. Huu twaweza kusikizana nao."

Tangu hapo udi wa kwetu ulikuwa nusu wa pwani na nusu wa Ukambani. Mama aliyeyusha sukari katika sufuria mpaka ikawa na rangi ya chai kavu, akatia vipande vya udi vilivyotoka kwao, akatia maranda, akatia marashi ya waridi na mafuta mengine ambayo hakumtajia mtu, akakoroga mpaka mkono ukamlegea. Ulipopoa aliuvunja vipande vipande na kuutia katika kopo la maziwa ya unga.

Alhamisi alasiri, makaa yakishika, aliweka kipande ndani ya chetezo na kuzunguka nacho chumba kwa chumba. Alifukiza mito, mapazia, nguo za kabatini, na mimi mwenyewe, niliyesimama juu ya ule moshi na miguu nimeitanua kama kuku anayetaka kutaga. Baba alirudi na unga kwenye nyusi, akasimama mlangoni kwanza, akavuta pumzi. "Sasa nimefika," alisema, kila Alhamisi, kana kwamba siku nyingine alikuwa akilala kwa watu.

Halafu kifua kikaanza. Vumbi la kinu lilikuwa limemwingia kwa miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya tisini alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alisema ni pumu, auze kinu, na moshi wa aina yoyote usionekane ndani ya nyumba. Baba aliuza kinu bila kelele. Aliyebaki na swali ni mama.

"Hata wa udi, daktari?"

"Mama, moshi ni moshi."

Hakumsamehe daktari yule kwa jibu hilo. Lakini siku ile ile alikiosha chetezo na kukiweka nje, nyuma ya nyumba.

Basi nikajitia mimi, mwenye mshahara na kiburi cha mtu wa Nairobi, kumtafutia mama harufu isiyo na moshi. Kwanza nilimletea kichomeo cha mshumaa. Kilikuwa kama kijumba cha kauri: chini unaweka mshumaa mfupi, juu kuna kibakuli cha maji, na ndani ya maji unadondosha mafuta ya manukato. Ile mishumaa mifupi ilikuja sita. Ilipokwisha mama aliitafuta Machakos nzima, akaiulizia hadi soko la Tala, asiipate. Akachukua mshumaa wetu wa siku zote, ule tunaowasha stima ikipotea, akaukata kwa kisu kwa kukadiria tu. Kipande kilikuwa kirefu mno. Moto ulilamba kibakuli, maji yakakauka, mafuta yakaungua, na nyumba ikajaa masizi. Baba alikohoa mpaka magharibi.

"Hicho chombo chako," mama aliniambia nilipokuja, "kimeniletea moshi ambao hata haunukii."

Nikamletea cha stima. Hicho kilikuwa kijungu kidogo chenye taa nyekundu ubavuni, kinachoyeyusha vipande vya nta yenye manukato, bila moto wala moshi. Nta niliyonunua ilikuwa na harufu ya vanila. Mama alizunguka sebule akinusa. "Nyumba inanuka keki," akasema. "Na keki yenyewe iko wapi?" Jirani aliyepita kutujulia hali alikaa saa nzima akiutupia macho mlango wa jikoni.

"Lakini hii iko sawa," baba alinitetea. "Hii haiko na kikohozi."

Mama hakubishana. Nilipoondoka alitia udi wake ndani ya kile kijungu. Joto lilikuwa dogo, likailainisha sukari tu, ikanata, harufu isitoke, na asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani. Nilimfokea kwenye simu. Nilimweleza upya, kama mwenye duka, kwamba cha mshumaa kinataka mtu wa kukichunga na paka anaweza kukiangusha, na kwamba cha stima ni salama ila stima ikikatika nta inaganda. Nilimwambia achague kimoja tuishie hapo. Nilikuwa na maneno mengi siku hizo, na sikumuuliza hata mara moja alikuwa amekosa nini.

"Haya, mwanangu," alinijibu. "Hicho cha stima."

Mwaka ule nilipata likizo ya ghafla nikafika nyumbani siku ya Alhamisi bila kumwambia mtu. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa na jua lingali linawaka. Nilizunguka nyuma nikamkuta mama chini ya kamba ya nguo, amekaa kwenye kigoda, chetezo kati ya miguu, leso mbili amejifunika kama hema, moshi ukimtokea shingoni. Hakushtuka. Alipomaliza aliyazima makaa kwa mchanga, akajifunua, akabaki pale pale akijipepea.

"Mbona huingii ndani?"

"Nangoja moshi uniwache. Harufu itabaki."

Alingoja karibu nusu saa, nami nimesimama kando yake na pakiti mpya ya nta mkononi, safari hii ya mdalasini. Tulipoingia, baba alikuwa amesogeza kiti chake karibu na mlango wa nyuma. Mama alipompita, baba alishika pindo la leso yake, akaliweka puani, akaliachia upesi kama mtu aliyefumaniwa. Alikohoa mara moja. Wote wawili walijifanya hawakusikia, na mimi nikaenda jikoni nikafungulia maji ili nilie vizuri.

Waliishi hivyo miaka minne. Sote tulikuwa tumejiandaa kwa ajili ya baba, tukimhesabia pumzi na dawa zake. Aliyeondoka ni mama, mzima wa afya, kwa homa ya wiki moja.

Wanawake wa mtaani walitusaidia kama ndugu. Walipika, walipokea wageni, na kabla ya nguo za mama kugawiwa walizitoa zote sandukuni, wakazifua kwa sabuni na kuzianika juani. Nilirudi kutoka sokoni nikazikuta kwenye kamba, leso zake zote, safi kabisa. Niliwashukuru kwa mdomo. Kisha nikapita nikinusa moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa kamba, na zote zilinuka sabuni. Sijawahi kumkosa mama kama nilivyomkosa siku ile, hata siku ya kumzika.

Niliomba likizo nyingine nikakaa na baba. Alikula nilichompikia, akameza dawa, akajibu salamu za watu. Alhamisi moja alasiri alinijia jikoni ameshika kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vipande vitano vya udi, vya mwisho kupikwa na mama.

"Mwiitu wakwa," aliniita binti yake kwa Kikamba, "washa ile ya makaa. Kidogo tu."

"Baba, daktari alikataa."

"Daktari alikataa nikiwa na mama yako."

Nilikasirika. Nilikuwa nimempoteza mmoja, na sikuwa tayari kumpoteza wa pili kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamtoa kopo mkononi na kuliweka juu ya kabati. Nikachomeka kile cha stima, nikatia nta, na kwa sauti ya kumbembeleza mtoto nikamwambia kwamba hii nayo inanukia vizuri, asubiri kidogo tu. Alikaa mbele yake, mikono magotini, akiitazama ile taa nyekundu mpaka nta ikayeyuka yote.

"Hii ni ya wageni," akasema.

Hakuniomba tena. Nami nilirudi kazini Nairobi nikiwa na amani, nikamwachia binamu yangu orodha ya dawa na onyo kuhusu moshi.

Baba alikufa mwaka uliofuata, amekaa barazani asubuhi na kikombe cha chai. Ulikuwa moyo. Hospitalini tulikompeleka, daktari, yule yule wa zamani, alinipa pole na kunisifu mbele ya watu. Kifua cha mzee, alisema, kilikuwa hakina neno kabisa, na hayo ni matunzo ya mwanawe. Nilimshukuru kwa heshima. Nilifika hadi kwenye lango la hospitali, nikaegemea ukuta, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Vipande vitano vingempa Alhamisi tano na mkewe, na mimi nilimnyima zote.