Mkalimani wa Gredi ya Saba

Safari hii ilitokana na mdomo wangu. Rafiki yangu Wekesa, ambaye shamba lake lilipakana na langu kabla hajarudi kwao Bungoma, alinipigia simu kuniambia kwamba binti yake Nekesa amepata mchumba huko Nairobi, kijana wa Kamerun, na baba wa kijana anakuja kujuana na wakwe. Shida ni kwamba mzee huyo anajua Kifaransa na lugha ya kwao tu. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshamwambia asihangaike. Wairimu wangu anaongea Kifaransa kama maji.

Wairimu yuko gredi ya saba, na Kifaransa alikianza mwaka jana. Mimi ndiye niliyemtafutia mwalimu wa Jumamosi. Mahindi yetu ya Kitale husafiri mbali kuliko sisi tunaoyalima, na nilitaka mtoto wangu aione dunia. Mke wangu aliposikia nilichomwahidi Wekesa, alisema mwaka mmoja ni mfupi. Nikatoka kwenda kukagua magurudumu ya pikapu.

Saa moja asubuhi tulitoka na pikapu yetu, gunia la viazi la zawadi likiwa nyuma. Hadi Kamukuywa nilikuwa namwuliza majina ya vitu vya njiani. Ng'ombe alimjua, mti aliujua. Tulipofika darajani alifungua daftari lake, tukavuka akiwa bado anapekua.

Chwele nilisimama kununua ndizi. Niliporudi nilimkuta amefunika daftari lake.

"Baba," akasema, "mimi najua kusalimia, familia, chakula na hali ya hewa. Mambo ya ndoa hatujafika."

Nikamwambia ndoa ni familia na chakula tu. Akaniuliza hali ya hewa itaingia wapi.

Saa nne tulifika kwa Wekesa, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Viti vilikuwa vimepangwa sebuleni. Mgeni alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye kanzu ya buluu iliyotariziwa kifuani, na mwanawe ameketi kando yake. Kijana alijua Kiswahili vizuri, nikaanza kupata matumaini. Lakini mzee Barasa, ami yake Nekesa na msemaji wa familia, alimkataza kutafsiri.

"Mtu hawezi kutafsili maneno ya kujiombea bibi," akasema. "Ni kama mshtakiwa kujitafsilia kotini. Huyu mtoto wa Kitale atatosha."

Wairimu akasalimia kwa Kifaransa. Mgeni akafurahi, akaongea muda mrefu sana akituonyesha kwa mikono. Tukamgeukia Wairimu.

"Amesema habari zenu," akasema Wairimu. "Na kwao kuna mvua."

Hapo nikaelewa hali ya hewa inaingia wapi. Barasa akataka kujua mgeni amekuja kufanya nini. Wairimu akauliza, akasikiliza, akatuambia kwamba amekuja kutafuta msichana mrembo.

Mama Nekesa aliyekuwa akimimina chai akaweka chupa chini. Barasa akauliza polepole huyo msichana ni wa nani, wa kijana ama wa mzee. Swali likaenda, jibu likarudi.

"Amesema ni wake yeye mwenyewe."

Kijana akainuka. Barasa akamwambia aketi. Wekesa akanitazama, na mimi nikaitazama picha ya ukutani kana kwamba naifahamu. Nilitamani Wairimu aseme kitu chochote kizuri, hata cha uongo, mradi tusiaibike.

Yeye akachukua kigoda chake, akaenda kuketi miguuni pa mzee. Akamwuliza jambo kwa maneno machache, akisita. Mgeni akacheka. Akamwonyesha mwanawe kwa kidole, kisha Nekesa, kisha akajigusa kifuani.

"Nimekosea," Wairimu akatuambia, wala hakuinamisha kichwa. "Kwa Kifaransa, mke wa mtoto wako unamwita msichana mrembo. Ndilo jina lake. Nimemwambia mimi bado najifunza, aongee polepole."

Barasa akacheka mpaka akavua kofia. Kisha akauliza swali lililowaumiza wote nyumbani humo: je, Nekesa atachukuliwa Kamerun apotee? Safari hii mgeni alisema kipande kimoja kimoja, na Wairimu akatupa kimoja kimoja.

"Amesema ana binti. Aliolewa Kanada. Yeye baba yake hulala na simu karibu, akingoja apige. Amesema hawa watakaa Nairobi, na Krismasi waje hapa kwanza. Hataki nyinyi mlie vile yeye analia."

Mama Nekesa akachukua chupa tena, akammiminia mgeni kabla ya mtu mwingine yeyote.

Saa tisa tuliondoka, baada ya siku ya ndoa kupangwa. Mvua ilitukuta Kimilili. Nilimwuliza Wairimu kama hakuona aibu kusema amekosea mbele ya wazee wote wale. Akashangaa swali lenyewe. Akasema kwa mwalimu wao wanakosea kila Jumamosi.

Nilimpeleka mtoto kusoma lugha ili siku moja aende kwenye dunia. Sikujua kwamba dunia inaweza kuja yenyewe kunywa chai Bungoma, wala kwamba mtu huipokea kwa kukubali kuwa hajaielewa. Yeye ana miaka kumi na miwili na amelijua hilo. Mimi nina hamsini na mbili, na kusema nimekosea bado kunanishinda, hata kwa Kikuyu chetu.