Kila Ijumaa ananiuliza marehemu kasema nini

Assalaam aleikum admin na nyote mnaosoma. Jina langu lifiche kabisa, maana mawifi zangu wote wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Makunduchi. Nimeolewa na mwanamme aliyefiwa na mkewe akaachiwa watoto wawili, na tunaishi Chukwani. Marehemu nitamwita Salma, ingawa si jina lake.

Mama yake Salma anakaa Mji Mkongwe. Ni watu wa mjini wenye asili ya Kiarabu, na mimi kwake nilikuwa mtu wa shamba niliyekuja kukaa pahala pa mwanawe. Nikimwamkia shikamoo, anaitika marahaba huku anatazama ukuta. Akija kuona wajukuu anakuja na mkate wake na chupa yake ya chai. Chakula changu hakukigusa hata siku moja. Iliniuma sana, kwa sababu mimi mama sina, alifariki nikiwa mdogo.

Tulipomaliza kujenga, mume wangu akasema tuwaite ndugu wote tuchome mishkaki na samaki uani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupokea ukoo mzima, mbio nilizokimbia siku hiyo Mungu anajua. Mume akasema nyama nimwachie yeye. Akajifungia jikoni, akairoweka kwa papai bichi, kitunguu thomu na viungo alivyosaga mwenyewe. Nikafurahi kupata mume anayeingia jikoni. Sikujiuliza zaidi.

Mama yake Salma alikaa mkekani karibu na jiko. Mjukuu akamtia kijiti cha mishkaki mkononi. Akatafuna, akasita.

"Nani kairoweka nyama hii?"

Mume wangu hakuinua macho kwenye mkaa. "Kairoweka mwenyewe huyo," akasema, akaninyooshea kidole mimi.

Mama akaniita nikae mbele yake. Akanishika mikono yote miwili, akainusa. "Huu mkono wa Salma. Viungo hivi hata mimi mamake kaninyima. Kakujia usingizini, eeh? Kakufunza?"

Wallahi nilitaka kusema si mimi. Lakini ndiyo kwanza ananigusa tangu nimjue. Nikainamisha kichwa, na kama bibi harusi anapoulizwa, kimya changu kikahesabiwa ndiyo. Akanikumbatia akilia, kisha akala mpaka akashiba.

Wageni walipoondoka nikamuuliza mume wangu kwa nini. Akasema, "Salma kanifunza mimi peke yangu. Nilitaka mama akupende."

Na amenipenda kweli, hilo ndilo linalonitesa. Kila Ijumaa baada ya sala anakuja na udi. Mume wangu anachoma mishkaki ileile, na mama anachota makaa ya jiko hilo, anayatia kwenye chetezo na kufukiza chumba changu, ati Salma asipotee njia. Kisha anakaa kitandani kwangu, ananiuliza, "Kasema nini?" Nikijibu hajaja, ananipapasa mkono, anasema atakuja.

Sasa ananiita Salma mbele ya watoto. Majuzi aliniita hivyo nikiwa nafua, nikaitika, "Naam, mama." Mtoto mdogo wa marehemu akanitazama, akatoka nje bila viatu. Tangu hapo naogopa kuingia chumbani mwangu peke yangu, hata mchana.

Ijumaa iliyopita mama alifunga mlango, akaniambia jambo alilolificha miaka yote. Mwanawe alifariki wakiwa wamenuniana, hawasemezani, kwa maneno madogo tu ya nyumbani. "Muulize kama kanisamehe," akasema. "Mimi nshakuwa mtu mzima, nnaondoka. Ijumaa n'ambie."

Mume wangu anasema nimwambie kasamehewa, yaishe. Lakini nitamsemeaje maiti? Mimi Salma sikumuona hata kwa picha. Nikisema kweli, nitamvunja moyo bibi wa watu, na mama niliyempata kwa kimya changu nitampoteza. Nikisema uongo, atakufa akiwa ameushika huo uongo wangu, na nitaulizwa mimi.

Kesho ndiyo Ijumaa. Mume wangu keshairoweka nyama, na harufu imejaa nyumba nzima. Nishaurini ndugu zangu, mama akikaa pale kitandani akanishika mkono, nimwambie Salma kasema nini?