Kaka Amemzuia Binti Yangu Kurudi Chuo kwa Maneno Ambayo Chuo Chenyewe Hakikuyaandika

Admin, jina langu liweke pembeni, na binti yangu mwiteni Kabula, ingawa silo lake. Nina miaka arobaini na nane. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nisomeni hivyo hivyo. Kwetu ni upande wa Shinyanga ila nipo Sumbawanga miaka mingi sasa. Nilikuja huku na ng'ombe, ng'ombe wakaisha, nikabaki. Napakia na kushusha magunia kwenye mashine ya kukoboa mahindi, mtaa wa Majengo. Mke wangu na watoto wako nyumbani kwenye mji wa kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki, na kwetu hakuna jambo linalopita bila neno lake.

Kabula ana miaka ishirini na mbili, yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea ualimu. Ni wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika huko.

Mwaka huu kaka alinunua simu kubwa. Akataka kukiona chuo cha mtoto, akaandika jina la chuo mtandaoni kama watu wanavyotafuta vitu. Jina likaja, na chini yake yakaja maneno ya kamari, dawa za nguvu za kiume, wanawake wa kukutana nao. Akaipiga picha, akaitupa kwenye grupu la ukoo na kuandika, "Hiki ndicho tunachosomesha."

Dada yetu akajibu, "Ndiyo maana likizo alikuja na kope za kubandika. Mimi nilinyamaza tu."

Kabula akaandika, "Shikamoo baba mkubwa. Hayo siyo ya chuo. Fungua ukurasa wenyewe uone."

Kaka akafungua. Ukurasa ulikuwa safi, picha za madarasa na watu wenye majoho. Nilidhani hapo yataisha. Kaka akaandika, "Kumbe mmeshafuta. Nani kawatonya kwamba nimeona?"

"Baba mkubwa, mimi ni mwanafunzi. Siwezi kufuta kitu cha chuo."

"Mnajuana nyie."

Watu wakaweka vicheko. Mimi nilikuwa nayasoma yote nimekaa juu ya magunia. Kabula akanitaja mimi, "Baba, sema kitu." Nikaandika, "Msikilize baba yako mkubwa." Lori likaja, nikaweka simu mfukoni nikaenda kupakia.

Kabula alipokwenda nyumbani likizo, kaka akachukua simu yake na vyeti vyake vyote, akavifungia kwenye sanduku chumbani kwake. Akasema masomo yameisha. Kuna mzee mmoja wa jirani, amefiwa na mke, ana mifugo mingi. Ng'ombe wake wa mahari wameshaingia zizini kwa kaka. Mke wangu ndiye aliyenipigia kunieleza. Nilisikia kama naelezwa habari za mtu mwingine.

Juzi juzi simu yangu iligoma kuchaji, nikaipeleka kwa fundi simu jirani na mashine. Ile picha nilikuwa nayo bado, nikamuuliza. Akacheka.

"Mzee wangu, hicho chuo kimeingiliwa. Watu wa kamari wanavunja tovuti ya chuo, wanaficha humo njia za kwenda kwenye biashara zao. Wewe ukifungua huzioni. Mtambo wa kutafutia ndio unaoziona, unadhani chuo kinawasifia, unawapandisha juu wao."

"Na chuo?"

"Chuo hakina habari. Mwanafunzi ndiyo kabisa. Wanataka jina tu, maana jina la chuo linaaminika."

Nikaelewa. Hapa mashineni kuna watu waliwahi kuokota mifuko ya unga yenye chapa ya mama mwenye mashine, wakatia unga wao mbovu na kuuza sokoni. Wateja wakaja kumtukana mama.

Nikampigia kaka, nikamweleza hivyo hivyo, na mfano wa mifuko. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, siku hizi huko Sumbawanga kwa Wafipa mbeba magunia anafundisha kompyuta?"

"Kaka, nimeelezwa na fundi."

"Sawa. Tuseme ni wezi. Chuo kinachoingiliwa na wezi ndicho unataka tumrudishe mtoto? Na mwenye wale ng'ombe nimwambie nini?"

Nikakata simu, nikampigia mke wangu. Nikaomba niongee na Kabula kwa simu ya mama yake. Nikamwambia nimeshajua hakudanganya. Akauliza, "Baba, umeniamini mimi au umemwamini fundi?" Akamrudishia mama yake simu.

Tangu siku hiyo nafanya kazi, nakula, nalala. Sina hasira na sijalia. Wenzangu wananiuliza kama naumwa.

Usajili wa muhula unafungwa wiki ijayo. Asipojisajili nafasi inapotea. Najua mtasema ni mtu mzima aondoke, lakini bila vyeti aende na nini? Nikienda kuvidai mwenyewe itabidi nigombane na kaka mbele ya watu, na akisema wanangu watoke kwenye mji wake watatoka siku hiyo hiyo. Nilimuuliza mke wangu kama nije. Akasema, "Njoo. Ila uje unajua usiku huo tutalala wapi." Mimi huku nalala chumba kimoja na wanaume wanne.

Nikikaa kimya nitakuwa na kaka, na Kabula ataenda kwa yule mzee akijua baba yake alijua ukweli na hakuja. Naombeni ushauri, hasa nyie mliolelewa na kaka zenu. Ungekuwa wewe, ungepanda basi?