Simu Niliyompa Kunguru

Makuti yakinyeshewa hutoa harufu ya majani ya chai yaliyosahaulika birikani. Nikiisikia hata leo, ulimi wangu hwenda wenyewe kwenye jino la mbele kuhakikisha lipo. Ngojeni niwaambie sababu.

Nilikuwa na miaka sita, kwetu Utange, kule pwani. Baba alikuwa dereva Arabuni, nasi tulibaki wawili, mimi na mama. Au tuseme watatu, maana simu ya mama ilikula nasi, ikalala nasi, ikaenda nasi kisimani. Nikimwita, alijibu "mmh," macho yakiwa kwenye kioo. Ile "mmh" nilijua kuitumia: nimekula sukari nyingi kwa ruhusa yake, wallahi.

Asubuhi moja, makuti ya paa letu yakiwa bado na maji ya mvua ya usiku, jino langu la kwanza, la mbele, likang'oka. Nikamwonyesha kiganjani, bichi, na damu yake. "Mmh," akasema, akaiweka simu kibarazani akaenda kuepua wali.

Kwetu jino hurushwa juu ya paa, ukamwambia kunguru achukue bovu alete zuri. Mama husimama kando yako. Mimi nilisimama peke yangu. Nikaitazama simu. Nikaona huyu kunguru kazi yake ni kubadilishana tu, basi si vibaya kumpa kitu kikubwa zaidi. Nikarusha vyote viwili.

Mama alipotoka aliitafuta hadi chini ya mkeka. Rangi ikamtoka. Aliponiita niliitika "abee" kwa adabu ambayo sijawahi kuwa nayo.

"Simu i wapi?"

"Nimempa kunguru."

"Kunguru gani, weye?"

"Wa paa. Nimemwambia achukue simu, aniletee mama."

Nikajikunja kungoja kofi. Halikuja. Mama alichuchumaa, akanishika kidevu, akanipanua mdomo. Akalipapasa pengo kwa kidole kinachonuka kitunguu, akauliza limetoka saa ngapi, na liliuma vipi. Huko juu simu ikaanza kulia. Mabega yake yakashtuka. Nikajua sasa atakwenda.

"Wacha ilie," akasema. "Nionyeshe tena."

Ililia hadi ikanyamaza. Baadaye tuliiteremsha kwa mti wa kuangulia mapapai, na jioni, alhamdulillahi, baba akapiga.

Nimeshakuwa mtu mzima, mama ananisuka nywele, ndipo aliponisimulia kwamba baba alikuwa amenyamaza siku kumi na mbili, naye mama asijue kama yu hai au la. Na ule mlio wa asubuhi aliutambua. Ulikuwa mlio aliomwekea baba peke yake.